Saini ya Kipa Niliyoikoleza

Jumanne

Ilala nzima hakuna mtu anayejuana na makipa wakubwa kama mimi, na leo nimeambiwa mbele ya wanachama wote wa tawi letu la mashabiki kwamba nimeghushi saini ya kipa kwenye jezi.

Jezi ni ya kweli. Kipa aliisaini mbele ya macho yangu, nje ya uwanja. Tawi walitaka kuitundika ukutani kwenye fremu ya kioo, lakini wino ulikuwa umefifia, nikaona aibu kuwapelekea kitu kilichopauka. Jana nikanunua maka peni Kariakoo, nikapita juu ya saini polepole, mstari kwa mstari. Ikang'aa.

Mwenyekiti wetu, Mzee Hamadi, akaisogeza mlangoni penye mwanga, akainusa.

"Sudi mdogo wangu, wino huu bado unanuka duka."

"Anko, kesho tusainie na mpira," mmoja akadakia. Wakacheka mpaka wa nje wakachungulia.

Nikasema nimeikoleza tu. Mzee akaniuliza, "Sasa mkono wa kipa uko wapi hapa? Mimi naona wako."

Nikaikunja jezi, nikaondoka nayo nyumbani. Tangu nirudi naigeuzageuza chini ya taa, wino wake siuoni tena. Katika yote niliyowasimulia watu wa tawi, hili la saini ndilo lilikuwa la kweli, na nimeliharibu mwenyewe. Nani ataniamini tena, hata nikisema...

Huwa nawaambia kipa alinikumbatia akalia. Hakulia. Nilipomfikia ulimi ulinikwama, nikamwamkia shikamoo, kijana ambaye ningeweza kumzaa. Akaitikia marahaba, akasaini.