Mikono Iliyongoja Kukauka

Mwalimu, mwaka umezunguka na kutukuta pale pale ulipotuacha. Ulipitia nyumbani kutoka shuleni, ukaivua aproni kwa kuipitisha kichwani, fundo likiwa bado limefungwa, ukaitundika nyuma ya mlango wa jikoni na udongo wake mbichi mfukoni, ukasema unakwenda hospitali mara moja wakuangalie kifua. Mara moja yako hiyo imetimiza mwaka leo, na mpaka majuzi aproni ilikuwa haijaguswa na mtu.

Tulikuita Mwalimu sote, hata mkeo, hata siku ulizokuwa unafua soksi. Ulifundisha uchoraji, ufinyanzi na uchongaji katika sekondari, kwa watoto wa umri ule ambao mtu hajui aiweke wapi mikono yake mwenyewe, sembuse ya sanamu. Hukuanza kwa penseli wala kwa udongo. Ulianza kwa kazi mashuhuri za dunia, ulizozikata kwenye kalenda za zamani na kuzibandika juu ya mbao, kisha ukaziba sehemu moja kwa karatasi. Yule mwanamke wa tabasamu la nusu ulimziba mdomo. Katika picha ya alizeti uliziba chombo, ukawaambia wafinyange chombo kinachoyafaa maua yale. Karatasi haikubanduka mpaka kila mmoja amalize lake. Wakilalamika kwamba hawajui jibu, ulisema kuwa mchoraji naye siku ya kwanza hakulijua.

Wazazi walikuja juu, wakataka kujua mtoto atakula picha. Uliwasikiliza, ukawapa viti, ukawaambia udongo uwahi ungali maji, ukarudi kazini.

Uliyoipenda kuliko zote haikuhitaji karatasi. Ni ile sanamu ya marumaru ya mwanamke asiye na mikono. Kila mwaka wanafunzi wa darasa la mwisho walimfinyangia mikono, na kila mwaka ulirudi nyumbani unacheka peke yako tangu mlangoni. Mmoja alimpa mikono inayokamua nguo. Mwingine alimpa ya kujikuna mgongo. Yupo aliyemshikisha jiwe, na alipoulizwa akajibu kuwa anawasubiri waliomkata. Nawe ulifinyanga jozi yako, ukaificha chini ya kitambaa mpaka darasa limalize, asitokee wa kuiga.

Nyumbani hukuwa na nafuu. Ulipima nyuso za watu kwa kidole gumba, jicho moja umelifumba, popote ulipokaa. Siku ya posa ulimpima mama mkwe wako, naye akadhani unamkadiria umri. Ilibidi shangazi aingilie kati ndoa isivunjike kabla ya kufungwa. Kila jioni ulisimama jikoni, mgongo umempa mkeo, akufungue fundo la aproni lililoganda kwa udongo. Kila jioni alikugombeza. Hakuna jioni aliyoacha kulifungua.

Mwalimu, mkeo amechoka. Si uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Amechoka na pole, amechoka kuambiwa ajikaze, amechoka kuwa yeye ndiye anayewabembeleza wanaokuja kumbembeleza. Shule ilipomwomba aende akachukue vitu vyako, alisema kesho, na kesho ikazaa kesho nyingine. Mwalimu mkuu alimvumilia karibu mwaka mzima. Mwishowe alikuja mwenyewe nyumbani, akakaa ukingoni mwa kiti, akaeleza kwa adabu kwamba madawati mapya yamefika na hayana pa kuwekwa ila chumba cha sanaa. Mkeo akajua kwamba asipokwenda yeye, watakwenda wapagazi.

Alijua pia atakachokikuta, au alidhani anajua. Darasa lako la mwisho lilikuwa limefinyanga mikono yao wiki ile ile uliyoondoka, haijakwanguliwa ndani, haijachomwa. Mara ngapi ulitueleza mezani, bila kuulizwa, kwamba udongo ukikauka ukiwa mnene unapasuka motoni? Na mwaka ulikuwa unakaribia kwisha. Alibeba ufagio na magunia, tayari kuzoa vipande.

Alipofungua mlango alipigwa na harufu ya ukungu na maji. Rafu zilikuwa zimejaa mafurushi yaliyofunikwa nailoni na vitambaa, na vitambaa vilikuwa vinadondosha maji. Katikati ya chumba alisimama mama wa usafi, yule mliyempa huko shuleni jina la Mama Ndoo, anakamua kingine.

Mkeo aligusa furushi la kwanza. Udongo ulibonyea chini ya kidole kama ndiyo kwanza umefinyangwa.

Mama Ndoo akamweleza. Siku ile ulimpitia koridoni, umejishika kifua, ukamwambia asiiache ile mikono ikauke mpaka urudi. Basi kila asubuhi, kabla ya kufagia, alianza na vitambaa. Likizo zote alikuja.

"Na msibani si ulikuwepo?" mkeo akamuuliza.

"Nilikuwepo, mama. Nilikuona. Ila hakuna aliyeniambia niache."

 Mkeo angemcheka vipi, naye ana aproni nyuma ya mlango, na akipika huipita kwa ubavu asije akaigusa? Alianza kufunua furushi moja moja. Vidole vingine vilikuwa vimelegea na kuota ukungu, lakini mikono ilikuwa mikono. Juu kabisa, nyuma ya makopo ya rangi, alikuta yako.

Ilikuwa imenyooka mbele, viganja vimekaribiana, vidole vinafungua fundo la kamba. Kidole kidogo cha kushoto kilikuwa kimepinda, vile kilivyopinda cha mkeo tangu alipobanwa na mlango wa kabati.

Alikaa kwenye kibao cha wanafunzi na jozi ile mapajani. Miaka yote uliyowauliza watoto wa watu yule mwanamke alikuwa anafanya nini, wewe jibu lako lilikuwa linakungoja jikoni. Hakulia, alituambia baadaye, kwa sababu hata kulia kunataka nguvu. Mama Ndoo alichovya kitambaa chake, akakikamua, akaja kufunika kama kawaida. Mkeo akamshika mkono.

"Usifunike tena, mama. Mwalimu harudi. Iache ikauke."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kulisema neno hilo kwa kinywa chake. Mama Ndoo alitoka na ndoo, akaimwaga nje, akarudi, akakaa kando yake.

Mwalimu mkuu aliposikia, aliyaacha madawati yangoje barazani. Wanafunzi wako wa mwisho, ambao sasa wana kazi zao na vyuo vyao, waliitana. Walikwangua udongo ndani kama ulivyowafundisha, wakabishana kama ulivyowazoesha, wakaiacha ikauke taratibu, wakaichoma katika tanuri lako. Mitatu ilipasuka, na wenyewe wamesema ungewaambia ni unene.

Yako imetoka nzima. Imekaa jikoni, nyuma ya mlango, na aproni imening'inia kwenye viganja vyake, imefuliwa. Mkeo aliifua mwenyewe, kwa mkono. Fundo hakulifungua.

Wanaokukumbuka leo ni mkeo, ambaye anaomba umwache apumzike kidogo. Kifunguamimba wako na mapacha, wanaopima watu kwa kidole gumba wakidhani hatuwaoni. Dada yako na shemeji zako. Mama mkwe wako, ambaye mpaka leo anataka kujua ulipata jibu gani. Mama Ndoo, aliyetuomba tumtaje na ndugu, nasi tumemtaja. Na wanafunzi wako wa miaka yote.

Pumzika, Mwalimu. Sisi kukusahau hatuwezi, na hatujaribu.