Jogoo wa Ngosa Asirudi Ng'ambo

Bashi Katongo, baba wa mtoto wangu,

Bukari yako, ugali wa mchana, nimeifunika kwenye kapu. Samaki walioanikwa uwageuze kabla jua halijapoa. Mimi na mtoto tumekwenda zahanati ya misheni.

Usishtuke, jicho lake ni zima. Asubuhi nilipofungua banda, yule jogoo uliyepewa na mjane Ngosa kule ng'ambo, Pweto, alimrukia Katongo wetu usoni, akamdonoa chini ya jicho. Nikampiga na mwiko, naye akanigeukia mimi! Jirani yetu Bana Mpundu akacheka huko kwenye ua wake: "Huyu si jogoo, Bana Katongo, ni muke mwenzako!" Nikacheka naye. Kisha nikaingia ndani, nikalia.

Kila siku unanikataza nisimchinje, eti ni zawadi. Kuku wangu amewanyonyoa migongo, hukusema neno. Na mtu anayenunua samaki wako tu, jogoo mzima anakupa wa nini?

Basi mfunike na gunia, mfunge miguu, ~~umrudishe kwa mwenyewe~~. Hapana, usimrudishe. Ukifika kwake atakuvutia kiti, nawe utakaa. Mchinje. Maji ya kumnyonyolea yako jikoni, yachemshe.

Darasa langu la kusoma la jioni leo siendi. Nitampika mwenyewe, kwa karanga, vile unavyopenda. Firigisi ni yako kama siku zote, wewe ndiye baba wa nyumba hii. Ila utaila hapa, mbele yangu, nikikutazama.

Mkeo,
Bana Katongo