Picha Mbili za Mama

Kapseret, Eldoret

Mjukuu wangu Kipkemboi,

Sisi huku tuko wazima. Mvua imekuja, ng'ombe wanatoa maziwa vizuri, na shangazi yako anakusalimia sana. Unasema kikundi chenu cha wapiga picha huko Mombasa kinabishana, wengine wakidai kwamba bila kamera ya bei kali mtu anajisumbua tu. Halafu unaniuliza mimi, ambaye hata simu hunishinda!

Haya. Nilipokuwa msichana, Mama alipigwa picha studio mjini. Kamera ilikuwa kubwa, imesimama kwa miguu mitatu. Kama ilivyokuwa desturi, alivalishwa koti na saa ya studio, akaambiwa asicheke. Picha ikatoka safi ajabu. Baadaye mjomba wangu, kwa kakamera kake kadogo, akampiga picha akifunga geti kwa kisigino, mikononi amebeba maziwa. Ile ina ukungu, na uso ameugeuza.

Mama alipofariki, tulitundika zote mbili ukutani. Mzee mmoja aliyekuwa jirani yetu zamani akaja kutoka Cheptiret kutupa pole. Alitazama ile ya koti, akauliza, "Huyu naye ni nani?" Kisha akafika kwa ile ya geti. Hakuuliza. Alivua kofia.

Kamera nzuri nunua ukiweza, sikukatazi. Lakini ukija kunipiga picha, usiniambie nikavae. Nitakuwa nyuma ya nyumba, nachambua mboga. Njoo polepole, nisikusikie.

Nyanya yako