Benki Inatafuta Kona

Jumatatu, 7 Juni 1954
Kahawa haiuziki. Tangu baraza ya seremala walipokuwa wakikaa ivunjwe, wacheza bao wamehamia Ilala. Mimi nimebaki kwenye kona yangu hapa Kariakoo na birika langu kama bwana harusi aliyekimbiwa. Mjomba kasema nisipopata wateja mpaka mwisho wa mwezi, narudi Kisarawe kulima mihogo. Mimi! Niliyefika darasa la nne!
Mhindi mwenye miwani kakaa mbele ya duka la Kanji tangu asubuhi. Hanunui, hauzi. Anatazama watu tu.

Jumanne, 8 Juni
Nimempelekea kahawa, nikamdadisi. Katumwa na benki ya Bombei. Inataka tawi Dar, hajui aliweke Kariakoo au Uhindini. Kiswahili anakijua, kakulia Unguja. Nikamwuliza, benki inavuka bahari kutafuta nini? Kasema inafuata wateja wake: wafanyabiashara wa kwao waliohamia huku. Ajabu. Nilidhani benki ni jengo, kumbe ina miguu.
Ikija hapa, foleni nzima itakunywa kahawa yangu. Kisarawe, kwaheri.

Jumatano, 9 Juni
Nimeisifia kona mpaka mate yamekauka. Hakuandika hata neno. Ila mkokoteni wenye mzigo ukipita, anachora mstari.
Aha!

Alhamisi, 10 Juni
Nimemkodi Sefu na mkokoteni wake kwa vikombe vitano vya kahawa. Kazunguka mtaa mara kumi na moja, magunia yamejaa makumbi ya nazi. Kalamu ya Miwani haikupumzika. Mji huu una akili moja tu, na ninayo mimi.

Ijumaa, 11 Juni
Aibu. Miwani kaniita mbele ya Kanji. "Kijana, yule mwenye kofia nyekundu, mzigo wake haufiki?"
Kanji kacheka mpaka kashika mlango. "Ungembadilisha hata kofia, mwanangu!"
Mistari yote ya Sefu kaifuta. Mikokoteni ya kweli kaifuata kwa miguu: mizigo inatoka bandarini, wenye mali wako Uhindini. Benki inakwenda huko.
Sikula mchana. Naona mihogo tu.

Jumatatu, 14 Juni
Leo sikubeba birika. Nimekaa Uhindini tangu saa moja asubuhi, mbele ya jengo walilolichagua. Mlango bado una kufuli. Sikuuza, sikununua. Makarani, wachukuzi, madereva wa malori: kila aliyesimama kivulini nimemchorea mstari kwa mkaa.
Miwani kapita. Kaitazama karatasi yangu, hakucheka. Mkaa ulikuwa umekwisha. Kanipa kalamu.
Wengi wanasimama saa nne. Kesho saa nne nitakuwa hapa, kahawa ikiwa moto.