Meneja Aliyehesabu Matuta

Jumapili. Mvua inanyesha tangu misa ya kwanza na baridi ya Sumbawanga imeniingia mpaka magotini. Tangu jana nilikuwa na furaha. Furaha chafu, ndiyo maana naiandika hapa intaneti kafe badala ya kumpelekea padri.

Nimemkomoa Meneja.

Kiwanda chetu cha unga kilikuwa cha umma. Mimi nilikuwa mnyapara wa wapakiaji, filimbi shingoni. Siku hizo kuongoza ilikuwa kupiga kelele. Baadaye yakaja mabaraza ya wafanyakazi, tukaambiwa tuwasikilize watu. Nikawasikiliza, filimbi ipo mfukoni. Halafu kiwanda kikauzwa, akaja Meneja, kijana wa Dar, akatuletea semina. Mwezeshaji akasema zamani mabosi waliamini mtu anasukumwa na njaa na woga, wengine wakaja kugundua anataka kuthaminiwa, na sasa neno ni motisha: mpe lengo, mpime, mzawadie.

Meneja alishika hilo la mwisho tu. Akaninyang'anya filimbi mbele ya wapakiaji. "Mzee, hii ni ya kuchungia mbuzi. Nenda kabebe magunia na wenzako."

Wakacheka. Hata Masanja alicheka, kijana wa Kisukuma ambaye mimi mwenyewe nilimwombea kazi pale.

Sikusahau.

Mwezi huu Meneja kanunua shamba huko Malangali, akaniuliza atapataje watu wa kulima matuta. Nikamwambia apike pombe ya ulezi, aalike watu, watakuja. Kweli tupu. Lakini nilinyamazia nusu yake. Kwetu Ufipa, aliyekuja kwenye kazi ya pombe ni mgeni wako. Humsimamii, humhesabii. Unaonja wewe kwanza, halafu wanakunywa wote, mvivu na hodari, hata bibi aliyekuja kuimba tu.

Nilijua atahesabu. Hajui kingine.

Jana wakaja majirani na wapakiaji wetu, naye akahesabu. Alisimama na kalamu, akatangaza kwamba wenye matuta mengi watakunywa kwanza na wa mwisho hawatapata kitu. Mama mmoja mtu mzima akanyoosha mgongo, akamwuliza, "Mwanangu, umetualika au umetukamata?" Akaweka jembe begani. Nyuma yake mtu akapaza sauti, "Hiyo pombe akawape ng'ombe, wao watakubali kuhesabiwa!" Wakaondoka wote wakicheka, mitungi imejaa vilevile. Mimi nilibaki pembeni nimeuma mdomo.

Jamani, ule utamu.

Leo baada ya misa Masanja akanifuata nje ya kanisa. Hakuniamkia. Meneja amewapelekea ujumbe wapakiaji wote waliotoka shambani: kesho wasije kazini, wamegoma. Mimi peke yangu nimebakizwa kwa sababu sikuondoka. Mke wa Masanja amejifungua juzi.

"Baba, wewe ndiye uliyempangia hii kazi. Kwa nini hukumwambia desturi?"

"Nilisahau," nikasema.

Nimesema uongo mlangoni kwa kanisa.

Na ngoja niseme lote. Masanja alipokuwa anaongea, kabla huruma haijanishika, kuna kitu ndani yangu kilimwambia: si ulicheka? Kwa hiyo kisasi hakikuwa cha Meneja peke yake. Niliwataka wote. Watu niliowapigia filimbi miaka yote ile, wakavumilia, nimeshindwa kuwasamehe kicheko kimoja.

Meneja bado namchukia. Nikikumbuka uso wake pale kwenye mitungi, roho inaburudika hata sasa. Sijatubu kwa hilo, nisimdanganye Mungu.

Lakini kesho asubuhi, kabla geti halijafunguliwa, nitamwambia hawakugoma, kwamba mimi nilijua na nikamwacha aaibike. Atanifukuza. Kibaya zaidi atafurahi, na hiyo furaha yake ndiyo inaniuma kuliko kazi yenyewe.

Naenda hivyohivyo. Ila yeye simwombi radhi. Radhi ni ya Masanja na wenzake, kama wataipokea.