Mama Mkwe Ameezua Jiko, na Kadi Ina Tundu

Shangazi Bibie wa hapa Makambako, shikamoo, na kamwene kwa wote wanaokusaidia kufungua barua hizi. Naomba unisaidie kabla mvua haijanyesha tena, na naomba sana jina langu lisitajwe, sema tu ni Lenard fundi baiskeli wa karibu na stendi, yule mwenye mwavuli wa njano, lakini jina usiseme.

Shangazi, mimi nilinunua kadi ya kukwangua, ile ya Kwangua Ujenge ambayo zawadi zake ni pikipiki, mabati, saruji na ndoo, niliinunua mwenyewe kwa akili yangu mwenyewe, nikaitunza mfukoni mpaka Jumapili tulipokwenda Mdandu kumsalimia mama mkwe, mama Dorosela, kwa sababu mimi ni mtu wa familia, nikasema nitaikwangua mbele ya wakwe ili baraka ziwepo. Tukiwa jikoni kwa mama tunaota moto, baridi ya huku si unaijua, tumekunywa chai, nikakwangua kidirisha cha kwanza, pikipiki, cha pili, pikipiki, cha tatu, weee Shangazi, pikipiki! Mke wangu Dainess akapiga vigelegele mpaka kuku wakatoka nje, mimi nikamkumbatia mama mkwe, jambo ambalo najua halifanywi, lakini mtu ukishinda pikipiki unajisahau.

Sasa mama, ambaye jiko lake limeezekwa nyasi na linavuja tangu enzi za marehemu baba mkwe, akauliza, "Na bati je, mwanangu? Hamna hata la jiko?" Kadi ikaangaliwa. Chini ya vidirisha kukaonekana kipande kingine cha rangi ya fedha chenye maandishi madogo, na moshi nao ulikuwa mwingi, maandishi yakasomwa, ikaonekana yanaanza na BATI. Ikasemwa kumbe na bati lipo, hili hapa, likwanguliwe. Mama akachukua kijiko akakwangua kwa nguvu zile za kutoa ukoko sufuriani, zikatokea tarakimu, akaona sita na sifuri, akasema, "Sitini! Mabati sitini!" akaendelea kukwangua atafute na misumari, mpaka kadi ikatoboka.

Kesho yake nikaenda kwa wakala wao hapa mjini nikiwa nimevaa kofia ngumu mpya na koti la mvua la pikipiki, maana vyote nilishanunua ili niondoke nayo moja kwa moja. Yule dada akaishika kadi, akanichungulia kupitia kwenye tundu, akasema, "Kaka, hii batili." Nikamwambia ndiyo, najua bati lipo, lakini tuanze na pikipiki. Akasema, "Siyo bati. Batili. Hapa paliandikwa batili ikikwanguliwa, na nyie mmekwangua." Nikarudi kibandani kwangu kwa miguu huku kofia ngumu iko kichwani, watu wananiuliza pikipiki umeiacha wapi.

Kibaya zaidi mama mkwe hajui. Yeye alishatangaza kanisani, wanakwaya wakaja wakaezua paa lote la jiko ili mabati yakifika fundi asipoteze muda, na zile nyasi kashazipikia. Sasa anapika amejifunika mfuko wa mbolea kichwani, mvua inaingia kwenye sufuria, na kila apitaye anamwambia, "Mkwe wangu analeta mabati." Kila akinipigia simu ni kuniombea dua. Dainess anasema niende nikamwambie mama ukweli, lakini mimi naona aende yeye, si ni mama yake? Na rafiki yangu Xaveri, fundi rangi za magari, anasema anaweza kuliziba lile tundu na kupiga rangi ya fedha juu yake, wakala asijue kitu.

Je, Shangazi, nimkubalie Xaveri? Na mama mkwe anaambiwaje kwamba ameharibu pikipiki ya watu bila kuvunjiwa heshima? Nijibu haraka, mawingu ya upande wa Mdandu siyapendi.

*Shangazi Bibie anajibu:*

Marahaba, mwanangu ambaye jina lako nimelificha kama ulivyoomba.

Kwanza pole. Pikipiki kuingia mkononi halafu ikatokea kwenye tundu la kijiko, hilo linauma. Nimecheka mpaka chai imenipalia, lakini pole.

Sasa huyo Xaveri mwambie akapake magari ya watu. Kadi ikishapigwa rangi si kadi mbovu tena, ni kadi ya kughushi, na kwa wakala utaondoka umepanda gari la polisi, bila hata kukwangua. Ichukue kadi na tundu lake, mchukue na aliyekuuzia, nendeni ofisini kwa wenye mchezo wao mkawaeleze ilivyokuwa. Wakikubali, alhamdulillahi. Wakikataa, na nadhani watakataa, rudi kibandani ukazibe pancha.

Lakini barua yako nimeisoma mara ya pili, safari hii miwani ikiwa machoni. Kununua kadi, umenunua wewe. Kukwangua pikipiki, umekwangua wewe. Hata kumkumbatia mkwe, astaghfirullah, umekumbatia wewe. Tukifika kwenye bati, ghafla jikoni hakuna mtu! "Kadi ikaangaliwa." "Maandishi yakasomwa." "Ikasemwa." Yakasomwa na nani, Lenard? Samahani, jina limenitoka kwa hasira. Yakasomwa na nani, maana kuku walishatoka nje! Mama hakusoma, angesoma yeye ungemtaja mpaka ukoo wake. Dainess hakusoma, ungekuwa umeshamrudisha kwao. Ni wewe! Ulisoma nusu ya neno ukamwambia mama akwangue, naye akakwangua kwa sababu mkwe wake msomi amesema. Na hiyo chai mliyokunywa ilikuwa ya majani au ya mianzi? Mimi Mwislamu, lakini miaka yote hii naishi Makambako, ulanzi, hiyo pombe ya mianzi, naunusa hata kwenye bahasha.

Halafu unataka mama aambiwe kwamba kaharibu yeye! Huna haya? Mama wa watu kachoma paa lake mwenyewe kwa kuliamini neno lako, analoa, ugali wake unaingia maji, na bado anakuombea dua.

Basi sikiliza. Hilo koti la mvua lipeleke Mdandu leo hii, mama alivae akipika. Pikipiki ungeitafutia petroli, sivyo? Basi hela hiyo ya petroli katafutie mabati. Jiko la nyumba moja halihitaji mabati sitini, sitini ni ya bweni, kwa hiyo acha kulia. Usisahau misumari, mama aliitafuta sana. Xaveri mchukue naye, kama ana mikono ya kuziba tundu la kadi ataweza kuziba la paa. Dainess akushikie ngazi, basi, usimtume kusema lililo lako. Na kofia ngumu usiiuze, ivae ukiwa huko juu.

Kabla hujapigilia msumari wa kwanza, kaa na mama mkwe uongee kama mwanamume. Usije ukamwambia "ilisomwa vibaya". Mwambie, "Mama, nilisoma vibaya mimi." Atakucheka, na kanisa zima litakucheka, na kwaya inaweza hata kukutungia wimbo. Hutakufa.

Mama Dorosela amemwambia kila apitaye kwamba mkwe wake analeta mabati. Yalete, mwanangu. Aliyesema yasiyokuwepo jikoni mle ni mmoja, anatosha. Mama asiwe wa pili.