Salamu za Saa Kumi

Jumatano. Upepo tangu asubuhi, na vumbi la mtaa huu wa Majengo limeingia hadi kwenye sahani nilizofunika. Sina zamu leo. Daktari amenipa siku moja ya kupumzika na kunirudishia fomu zangu nizitolee maelezo, na nimekaa nazo mezani tangu saa mbili. Chai imepoa, na sijaandika hata mstari.

Mayu Kabula amefariki.

Nimeandika hivyo ili nilione jina lake. Tangu juzi nasema "yule mama wa Kakese", nasema "mshiriki wetu", maneno ya kazini yale, ya kujificha nyuma yake. Alikuwa na jina, na kila mtu pale kwao alimwita Mayu, yaani mama, hata mimi ambaye sina tone la Usukuma.

Nyie mnaonisoma siku zote mnaijua kazi yangu, ila kwa aliyeingia leo: mimi ni muuguzi, na tangu mvua zilipokatika nimeazimwa kwenye utafiti wa dawa ya kupuliza puani. Ni ya mafua tu, haya ya kawaida, ya makamasi na koo kuwasha. Mtu akija zahanati na mafua mepesi, akielezwa na akakubali, anapewa kichupa. Anapuliza mara mbili kila tundu la pua, asubuhi, mchana na jioni, kwa siku saba. Vichupa vingine vina dawa na vingine vina maji ya chumvi, na hakuna anayejua kipi ni kipi, si mimi wala Daktari anayeusimamia, mpaka utafiti uishe.

Kazi yangu ni simu. Kila siku saa kumi jioni napiga, nauliza maswali matano: pua, koo, kikohozi, homa, kupumua. Kila moja naliandikia namba, sifuri mpaka tatu. Kwenye kupumua ikija hata moja, gari linamfuata mtu siku hiyohiyo, analetwa hospitali.

Siku hiyohiyo. Hayo maneno nimeyasoma leo kwenye mwongozo mpaka herufi zikaanza kucheza.

Alikuja Jumatatu ya wiki iliyopita, amesindikizwa na mkwe wake, Minza. Shuka begani, simu yake ya kitochi imefungwa kwenye kona ya kanga, pua inachuruzika lakini mdomo haufungi. Nilipompulizia mara ya kwanza kumwonyesha, alipiga chafya tatu mfululizo, akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema, "Kumbe ni ugoro! Ugoro wa maji!" Zahanati nzima ilicheka. Akasema yeye puani ameshazoea tangu usichana, hicho kichupa hakimtishi.

Kisha akanifundisha kusalimia. Alisema hawezi kupokea simu ya mtu anayeanza na "haloo" kama polisi. Basi nikajifunza pale pale: mwangaluka ni ya asubuhi, mwadila ni ya jioni, na ukiulizwa mhola, yaani ni salama, unajibu mhola. Ukitaka kukoleza unasema mhola duhu, salama tu. Kisukuma changu chote ndicho hicho, na nilijivunia hicho hicho.

Jumanne nilimpigia, nikauliza yote matano. Jumatano pia. Alijibu moja baada ya jingine, tena kwa umakini, kama anayetoa ushahidi. Koo weka mbili. Kikohozi weka moja, hapana, ngoja, jana usiku kilizidi, weka mbili. Kupumua weka yai, hakuna shida. Sifuri yeye aliiita yai. Naomba mlikumbuke hilo, kwamba alipoulizwa alisema.

Alhamisi nilikuwa saluni.

Basi nimelisema. Nilikuwa nasukwa, kichwa kimeinamishwa, na orodha ya watu kumi na wawili ilikuwa mapajani. Saa kumi ilipofika nikaanza kupiga. Ya Mayu ilipoita nikafurahi, maana ndiyo simu niliyoipenda kuliko zote. Nikasema, "Mwadila mayu!" Akaitikia. "Mhola?" Akasema, "Mhola duhu, mwanangu." Wanawake wa saluni wakashangilia kusikia Mbende kama mimi anaongea Kisukuma, na mimi nikanogewa. Tukaagana. Nikachukua kalamu nikaandika yai, yai, yai, yai, yai.

Yaani sikudanganya kwa kupanga. Nilijiambia kasema salama, na salama si ndiyo sifuri? Angekuwa na neno angesema. Ijumaa nikafanya vilevile, na safari hiyo sikuwa hata saluni, nilikuwa hapa hapa mezani, sina kisingizio. Nilishaona inaenda haraka, na fomu zangu zilikuwa safi kuliko za wenzangu wote. Daktari alishazisifia mbele ya watu.

Jumamosi nilimsikia anahema.

Nikamuuliza, "Unatembea, Mayu?" Akasema, "Natembea tu, mwanangu." Mhola? Mhola duhu. Nikasikia upepo kwenye simu, nikasikia na ile pumzi inavutwa na kukatika, na nikachagua kusikia upepo. Mimi, muuguzi! Mtu niliyesomea kuhesabu pumzi za watu. Nikaandika mayai matano na kuanika nguo zangu.

Jumapili hakupokea. Nikasema ni mtandao wa kijijini, Kakese ile. Jumatatu asubuhi nikaona namba yake inaniita, nikapokea kwa mbwembwe zote: "Mwangaluka mayu!" Kisha sauti ya Minza ikasema, "Dada, ni mimi. Mama ametutoka jana alfajiri." Wakati mimi napiga ile saa kumi ya Jumapili, alikuwa ameshalala tangu kabla ya jua.

Jana nilikwenda msibani. Boda ilinishusha kwenye njia ya ng'ombe, nikaukuta mji wao, nyumba tatu na zizi, na kaburi lenye udongo ambao haujakauka. Minza akatoka kunipokea, macho yamevimba, sauti imekwisha. Na unajua alisema nini? Alishika mkono wangu akasema, "Mwangaluka. Mhola?" Na mimi mdomo ukajibu wenyewe, "Mhola." Akasema, "Mhola."

Tumesimama mbele ya kaburi na tunaambiana salama. Jamani, si Wasukuma tu. Sisi sote ndivyo tulivyo. Nenda kwenye msiba wowote hapa Mpanda, uliza habari za hapa, utaambiwa nzuri, ndipo uambiwe nani amekufa. Salamu inajibiwa kwanza. Hali ya mtu inakuja baadaye, ukikaa, ukiuliza. Nimezaliwa ndani ya hayo, na nikaenda kuyajaza kwenye fomu kama majibu.

Minza aliniketisha kwenye mkeka, akaanza kunisimulia bila kuombwa. Kwao simu haishiki ndani. Inashika nyuma ya zizi tu, juu ya kichuguu. Basi kila siku jua likianza kuinama, Mayu alikuwa anachukua shuka na kitochi chake na kwenda kunisubiri. Ijumaa Minza alimkatalia, kifua kilikuwa kimeanza kubana. Akasema hapana, mwanangu wa Mpanda ananijulia hali, nisipopokea atapata hofu. Jumamosi alipumzika mara mbili njiani, na umbali wenyewe ni kama kutoka hapa hadi kisimani. Akapanda, akapokea, akashuka ameshikiliwa.

Nilipomuuliza anatembea, alikuwa amepanda kichuguu kwa ajili yangu.

Kisha Minza akaniomba msamaha. Akanishika magoti, akasema, "Dada, utusamehe. Wewe ulikuwa unamuuliza kila siku na yeye anakuficha. Wangejua hospitali, wangemleta. Mama yetu alikuwa msiri." Shemeji zake wakaitikia, ndiyo, mama aliwaficha madaktari. Shangazi mmoja akatikisa kichwa, akasema wazee ndivyo walivyo, wanajiua wenyewe.

Nikanywa uji wao, nikapewa na maharage ya kubeba, nikapanda boda nikarudi.

Jioni ile ile Daktari akanipigia. Ameziangalia fomu. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, sifuri tupu, kwa hiyo mama alikuwa anapona na kifo ni cha ghafla. Ama, akasema, ni mzee aliyeficha dalili, tuliandike hilo kama funzo. Akataka maelezo yangu Alhamisi saa mbili asubuhi. Alikuwa mpole sana. Alisema nisijilaumu, fomu zangu ziko sawasawa.

Basi ndilo lililo mezani, kati yangu na chai hii iliyopoa. Nikinyamaza, kazi yangu inabaki, jina langu linabaki. Dawa yenyewe, kama ilikuwa ni dawa na si chumvi, itaandikiwa kwamba mgonjwa alikuwa mzima siku tatu na akafa bila sababu, na mwingine huko mbele ataugua wasijue wamtazame nini. Na Mayu Kabula, aliyenitajia hadi kikohozi cha usiku nilipomuuliza, atakaa kwenye karatasi na midomoni mwa wanawe kama mtu aliyesema uongo mpaka ukamuua.

Sijui kama gari lingemwahi. Nimejiuliza tangu jana na hakuna anayeweza kunijibu. Huenda angekufa hospitalini, Jumanne badala ya Jumapili. Huenda leo angekuwa anakoroma kwenye kitanda cha tatu na kumtania nesi wa zamu. Nitakwenda na hilo swali popote nitakapokwenda, sioni pa kulitua.

Nimelia, nimenawa uso, nimerudi mezani.

Kwenye kazi hii ukikosea hufuti. Unapiga mstari mmoja tu juu ya kosa, ili lililoandikwa mwanzo lionekane, kisha pembeni unaandika la kweli na kutia sahihi. Nimepiga mistari kumi na mitano. Mayai yote bado yanaonekana chini yake. Pembeni, siku zote tatu, nimeandika neno moja: Sikuuliza. Kwenye Jumamosi nimeongeza: Nilimsikia anahema.

Kesho saa mbili nitampa Daktari, na atakalosema atasema. Nikitoka pale napanda boda kwenda Kakese. Najua Minza atatoka kunipokea, atanishika mkono, ataniuliza mhola, na nitajibu mhola, maana ndivyo inavyojibiwa. Kisha nitakaa chini, na nitamwambia kwamba mama yake hakunificha kitu.